Amri ya Kusubiri Saa Moja

Jamhuri ya Kenua haimo kwenye ramani yoyote inayouzwa dukani, na wakubwa wake wanapenda ibaki hivyo, maana mtu akiona ramani huanza kulinganisha nchi na nchi. Lakini ipo. Ina bendera, ina jeshi, ina Wizara ya Tabasamu yenye ghorofa kumi na moja, na raia wake wanaitwa Wakenua. Huko maendeleo hupimwa kwa meno. Barabara ikiwa na mashimo, hospitali ikiwa na nusu ya paa, hayo ni mambo madogo. Mgeni akitua uwanja wa ndege hupokewa na wananchi mia mbili waliopangwa mstari, meno nje, na papo hapo huandikwa ripoti kwamba nchi imejaa neema.

Mkuu wa nchi anaitwa Mtukufu Mwasisi wa Tabasamu. Jina lake la kuzaliwa lilifutwa kwenye daftari ili lisichakae kwa kutamkwa ovyo. Mwaka mmoja Mtukufu alishikwa na mafua. Akanywa maji ya ndimu yenye sukari nyingi, akapona siku ya saba, kama mafua yanavyopona yenyewe. Siku ya nane ikatoka amri kwamba taifa zima litakunywa ndimu kila asubuhi, shuleni, kazini na kwenye foleni. Kinywaji kikaitwa Sharubati ya Mshikamano. Kilikuwa kikali hata ndoo za bati zilizotumika kukigawa zilitoboka, zikaletwa nyingine, nazo zikatoboka. Hakuna aliyejiuliza kuhusu midomo.

Kwa kuwa sharubati iliacha utamu ulimini, wizara ikaongeza amri ya pili. Mwananchi akishakunywa, apige mswaki hapo hapo alipo. Na kwa sababu lugha yenyewe inasema mswaki hupigwa, wizara ilisisitiza kipigo. Mswaki wa Taifa ulitengenezwa na kiwanda kilichokuwa zamani cha brashi za kusugulia sakafu, ambacho hakikuona haja ya kubadili mashine. Dawa ya meno ilikuwa mkaa uliotwangwa pamoja na mchanga. Ngoma ilipigwa mapigo sitini, na mkono wa kila Mkenua ulikwenda nayo.

Haukupita mwaka, meno ya Wakenua yakaanza kugeuka manjano.

Wizara ilishtuka, ikafanya uchunguzi bila kuangalia mdomo wa mtu, ikagundua kwamba wananchi wanapiga mswaki kwa mkono mlegevu. Kila mtu akapewa Kadi ya Weupe. Mkaguzi alipita na kipande cheupe cha kigae, akakiweka kwenye jino la mtu na kulinganisha. Aliyekutwa na umanjano aliongezewa mapigo, kutoka sitini hadi mia na ishirini. Ajabu ni kwamba walioongezewa mapigo walizidi kuwa manjano, wakaongezewa tena. Mwisho umanjano uliandikwa rasmi kuwa dalili ya chuki dhidi ya serikali.

*

Katika mtaa wa Magegoni kulikuwa na tabibu wa meno aitwaye Bi. Sikudhani Mbelwa. Alikuwa na stashahada ya tiba ya kinywa, iliyotundikwa zahanati kati ya kalenda na picha ya Mtukufu akiwa amefumba mdomo kwa hekima. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mgonjwa akianza kulia kabla hajaguswa, alimwambia abakize machozi, kazi bado. Wagonjwa walimpenda kwa sababu alichosema kitauma kiliuma, na alichosema hakitauma hakikuuma.

Yeye alijua umanjano unatoka wapi, na hakuona kama ni siri kubwa. Jino lina ganda la nje, jeupe, gumu kuliko mfupa wowote mwilini. Chini ya ganda kuna tabaka jingine la jino, lenye rangi ya manjano. Ndimu hulilainisha ganda, sukari huwalisha wadudu nao wakatoa ukali wao, na brashi ya sakafu ikija wakati huo huo hulikwangua ganda likiwa laini. Ganda likiisha, manjano ndiyo yanayobaki kuonekana. Na ganda la jino halioti tena. Ngozi ikichubuka hurudi, mfupa ukivunjika huunga, ukucha hukua. Ganda la jino mtu hupewa mara moja.

Aliyasema haya kwa wagonjwa wake kwa miaka miwili, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Wao waliitikia kwa kichwa, kesho yake wakanywa, wakapiga mswaki, wakarudi na mashimo. Hakuwahi kuandika barua kwa mkubwa yeyote. Alikuwa na mtoto wa kulea, na alijua barua huko Kenua huenda juu peke yake lakini hurudi na watu wawili.

Kilichombadilisha ni huyo mtoto. Aliitwa Mashavu, miaka saba, darasa la kwanza, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa na pengo mbele ambalo lilipitisha upepo kila alipotamka jina lake. Kisha meno mawili ya ukubwani yakachomoza, mapana, yenye kingo za vijino vidogo kama msumeno, kama yanavyokuwa meno mapya. Mashavu alijitazama kwenye kijiko, kwenye kioo cha dirisha, kwenye kitako cha sufuria. Alicheka hata pasipo na la kuchekesha.

Asubuhi moja, wiki sita tangu meno yatoke, alisukuma kikombe cha maji.

"Mama, yanatia ganzi."

Sikudhani akampeleka mlangoni kwenye mwanga, akamfungua mdomo. Kingo za msumeno zilikuwa zimesagika. Ncha za meno zilikuwa zimeanza kuwa kama glasi, mtu aliweza kuona mwanga ukipita. Jino jipya ganda lake bado halijakomaa, linataka muda na mate na maji, nalo lilikuwa limepewa ndimu na mchanga kila siku ya shule. Akahesabu kichwani. Kwa mwendo ule, kabla mtoto hajafika darasa la tatu, yale meno yangekuwa vigae vya manjano. Na hayo ndiyo meno ambayo angeolewa nayo, angezaa nayo, angezeeka nayo. Hakuna mengine yaliyokuwa njiani.

Siku hiyo hiyo aliandika barua.

*

Hawakuja watu wawili. Ilikuja barua ya kumwita mbele ya Kamati ya Juu ya Kinywa, iliyokuwa ikiongozwa na Waziri wa Tabasamu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Burhani Makofia. Udaktari huo alipewa na chuo ambacho yeye ndiye aliyekata utepe wake.

Sikudhani alikwenda na yai bichi na bilauri ya sharubati. Saa tatu asubuhi, kikao kilipofunguliwa, aliligonga yai kidogo mezani ili wote wasikie ugumu wake, akalitumbukiza kwenye bilauri, akakaa. Zikafuata salamu, dua, wimbo, salamu za wasiokuwepo, na hotuba ya ufunguzi ya Waziri, ambayo ilifafanua kwa kina kwamba jino ni askari, mdomo ni kambi, ulimi ni amirijeshi, na kwamba taifa lisilo na meno haliwezi kutamka herufi za uhuru wake. Watu walipiga makofi kwenye nukta na kwenye mikato pia. Sikudhani alipopewa nafasi, saa nane ilikuwa imegonga.

Akalitoa yai. Ganda lilikuwa limebaki mabaka mabaka, na alipolibonyeza kwa kidole lilibonyea kama mfuko wa maji. Akaliweka juu ya faili la Waziri.

"Waheshimiwa, hili lilikuwa gumu saa tatu. Jino ni gumu kuliko yai, litachelewa zaidi, lakini linaelekea huku huku. Sasa fikirini mtu alisugue hili kwa brashi ya sakafu."

Wajumbe walimtazama Waziri, wakingoja kuona mkubwa wao ataelewa au hataelewa. Kisha maswali yakaja. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama yai hilo ni la humu nchini. Wa pili aliuliza kama lilikuwa na Kadi ya Weupe. Wa tatu, aliyeheshimika kwa uchambuzi, alisema kwa uzoefu wake yai halipigi mswaki, na huenda hiyo ndiyo sababu ya udhaifu wake.

Sikudhani alijibu yote bila kubadilisha uso. Kisha akasema analolitaka, na hakumung'unya maneno. Kama ndimu ni lazima, basi inywewe. Mtu akimaliza asukutue kwa maji, ateme, akae. Mate yenyewe yatalikaza ganda taratibu. Asubiri saa moja, ndipo apige mswaki, tena mswaki laini, mkono usio na hasira.

Walilijadili jambo hilo kwa uzito. Mswaki laini ulikataliwa kwa kuwa ungeonyesha nchi ni laini. Kusukutua kuliachwa pembeni kwa sababu maji yako Wizara ya Maji, na wizara hizo mbili hazikuwa zikisalimiana. Lakini la kusubiri lilimgusa Waziri. Alisema kusubiri ni tunu ya Wakenua tangu enzi na enzi, wamesubiri barabara, wamesubiri umeme, hawatashindwa na hili.

"Saa moja," akasema, akimtazama katibu ili aandike. "Kisayansi kabisa."

Sikudhani alirudi nyumbani akakaanga vitumbua, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya sikukuu tu.

*

Waraka ulitoka ndani ya juma moja, ukiwa na sahihi ya Mtukufu kwa wino wa dhahabu. Ulisomeka hivi: "Kwa mujibu wa utafiti wa kina uliofanywa kwa yai, kila Mkenua akishakunywa Sharubati ya Mshikamano atasubiri saa moja, ndipo apige mswaki. Asiyesubiri saa moja atakuwa amelitemea taifa."

Asubuhi ya kwanza ya utekelezaji, Sikudhani alimsindikiza Mashavu hadi shuleni ili aone kwa macho yake. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, kila mmoja na kikombe na mswaki. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kalunde, mama mnene mwenye sauti ya upole aliyekunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ule mwingine ulikuwa na majipu, alisimama chini ya saa ya ukutani akiikazia macho. Ilikuwa saa moja kasoro dakika moja.

"Kunyweni," akasema. Wakanywa.

Kisha wote, walimu na watoto, wakainua miswaki na kuitazama saa.

Sikudhani akamsogelea, akamuuliza kinachoendelea.

"Tunasubiri saa moja, Mama Mashavu," alisema Mwalimu Kalunde. "Ndiyo hiyo inakuja."

Ikaja. Ngoma ikalia, na mikono mia nne ikaanza kukwangua.

Ilikuwa hivyo nchi nzima. Zamani kulikuwa angalau na wimbo na hotuba fupi kati ya kunywa na kupiga mswaki, robo saa hivi, na meno yalipata kupumua. Sasa wizara ilikuwa imetoa mwongozo kwamba sharubati inywewe saa moja kasoro dakika moja, ili kusubiri kusiwachoshe wananchi. Magazeti yalisifu. Moja liliandika kwamba kwa mara ya kwanza katika historia Mkenua anasubiri kitu na kweli kinafika.

Jioni ile Mashavu alilia kwa uji wa vuguvugu.

*

Sikudhani alirudi wizarani siku iliyofuata. Alipanda ghorofa zote kumi na moja kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikuwa ya kutabasamia wageni tu. Akamweleza Waziri, polepole, kama anavyomweleza mzee anayeogopa koleo, kwamba alimaanisha urefu wa kusubiri, dakika sitini, si saa ya ukutani. Mtu akinywa saa mbili, apige mswaki saa tatu. Akinywa saa nne, apige saa tano.

Mheshimiwa Makofia alimsikiliza huku akigeuza kalamu. Kisha akainama mbele.

"Bibi, unataka kuniambia Mtukufu ametia sahihi wakati badala ya muda?"

Sikudhani alisema anayesema hivyo ni jino la mtoto wake, yeye anapeleka ujumbe tu. Waziri alisema jino halina sifa ya kufasiri nyaraka. Jambo likapelekwa kwa Baraza la Lugha, wazee saba walioajiriwa kulinda maneno yasitoroke.

Baraza lilikaa siku tatu. Likatoa uamuzi kwamba saa moja ni moja, kwa hiyo haiwezi kuwa na maana mbili. Saa moja, lilisema, ni pale mshale mfupi wa saa ya ukutani unapoelekea kwenye saba, kama kila mwenye akili timamu anavyojua. Na ili kuondoa utata milele, neno saa lilipigwa marufuku kutumika kama kipimo cha urefu wa jambo. Tangu siku hiyo, nchini Kenua, hakuna kilichochukua saa moja. Kila kitu kilifanyika saa moja.

Wakenua ni watiifu, wakatii. Waliokuwa na mapishi yaliyoandikwa kwamba maharage yachemke saa moja waliyaepua mshale ulipofika kwenye saba, yawe mabichi, yawe mkaa. Waokaji walitoa mikate yote kwa pamoja, mingine unga, mingine kokoto. Kwenye hospitali kuu, ambako upasuaji mdogo huchukua saa moja, madaktari walimfungua mgonjwa mchana, wakaweka visu chini na kuungojea mshale. Mgonjwa naye, kwa kuwa alikuwa Mkenua, alisubiri.

Hakuna aliyelalamika, isipokuwa waokaji, nao walinong'ona kuhusu unga.

Sikudhani alinyamaza. Watu walidhani amekubali yaishe, na baadhi walifurahi kumwona ameshikishwa adabu, kwa kuwa huko mtu mwenye akili akishindwa, wasiokuwa nayo hujisikia wameongezewa. Aliendelea kung'oa meno. Jioni alimsukutulisha Mashavu kwa maji, akamnyima peremende, akampaka dawa ya meno yenye madini aliyoipata kwa mgonjwa aliyetoka nje ya nchi, akitumia mswaki laini aliouficha kwenye mtungi wa mchele. Lakini alijua anachota maji kwa kijiko na kuyamwaga kwa ndoo. Siku mia mbili za shule kwa mwaka, mapigo sitini kila siku, juu ya ganda lililotoka kulowekwa.

Jioni moja alikuwa akimsukutulisha hivyo hivyo, macho yakaangukia saa ya ukutani. Jua lilikuwa linazama. Mshale mfupi ulikuwa unaelekea kwenye saba.

Akaacha kikombe. Akauchukua uamuzi wa Baraza, akausoma mara mbili, neno kwa neno, akitafuta neno asubuhi. Halikuwemo. Kwenye waraka wa Mtukufu pia halikuwemo.

*

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwalimu Kalunde kabla kengele haijalia.

"Mwalimu, nisomee hapa. Wapi pameandikwa asubuhi?"

Mwalimu Kalunde alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alisema halioni, lakini kila mtu anajua ni asubuhi.

"Kila mtu hakutia sahihi. Ametia Mtukufu. Sasa wewe unataka kumwongezea Mtukufu maneno?"

Mwalimu akashika shavu lake lenye jipu. Alikuwa mwoga, lakini uoga wake ulikuwa wa kisheria, na mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi huwa jasiri. Alitaka kuhakikishiwa mambo mawili: kwamba watoto watakunywa kama kawaida, na kwamba mswaki utapigwa saa moja kama ilivyoamriwa. Sikudhani alimhakikishia yote mawili. Watakunywa asubuhi mbele ya bendera. Watasubiri saa moja. Itawakuta nyumbani, jua likizama, kila mtoto na mama yake.

"Na hapa katikati?"

"Wasukutue kwa maji ya bomba. Umeona waraka unaokataza maji?"

Mwalimu hakuwa ameuona. Akapiga muhuri.

Kuanzia hapo Sikudhani alikwenda nyumba kwa nyumba Magegoni, akiwafundisha akina mama kushika mswaki kama unavyoshika kalamu, si kama unavyoshika jembe. Miswaki ya taifa waliirudisha kwenye kazi yake ya asili na sakafu za mtaa huo zikang'aa. Sharubati haikuacha kuuma, na hakuwadanganya kwamba imeacha. Lakini ganda lililolainika halikukwanguliwa tena. Baada ya miezi mitano Mashavu alikunywa maji ya mtungi kwa mkupuo mmoja, akaweka kikombe, akaondoka kucheza. Sikudhani aliketi pale pale kwenye kigoda kwa muda, mikono mapajani, bila kufanya lolote.

*

Ila weupe ni kitu cha kuonekana.

Kila mwaka huadhimishwa Siku ya Kenua, na mwaka ule wakaguzi walizunguka nchi wakitafuta watoto wa kukenua mbele ya Mtukufu. Walipita wilaya baada ya wilaya na kigae chao, wakaona manjano, kahawia na mashimo. Walipofika Magegoni, kigae chenyewe kilionekana kichafu. Mashavu alichaguliwa kuongoza. Mama yake alitunukiwa cheo cha Mama Mfano wa Mswaki, kwa kumpiga mtoto mswaki mara nyingi kuliko mama yeyote nchini, jinsi wizara ilivyoelewa.

Uwanja ulijaa. Jukwaani aliketi Mtukufu, na nyuma yake baraza zima la mawaziri. Mashavu alisogea, akakenua. Mtukufu akainuka kitini, akayatazama yale meno mawili kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, kama mtu anayeona kitu alichowahi kuwa nacho.

Waziri Makofia aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba taifa sasa litashuhudia siri ya weupe huu. Mtoto atakunywa Sharubati ya Mshikamano, Mtukufu na mawaziri watakunywa pamoja naye, kisha mtoto atapigwa mswaki hapa hapa na bingwa wa taifa, mapigo mia mbili ya heshima. Bingwa alijitokeza, kijana mwenye mikono kama mapaja, akiwa na brashi mpya iliyotengenezwa kwa siku hiyo, ya nyuzi za chuma.

Bilauri zikagawiwa. Mtukufu akanywa, mawaziri wakanywa, Mashavu akanywa akakunja uso. Bingwa akamshika kidevu.

Sikudhani alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, ndani ya kanga mpya ya wizara. Alizipiga hizo hatua tatu, akauondoa mkono wa bingwa kwenye kidevu cha mwanawe kama anayeondoa nzi kwenye chakula.

"Mtukufu, samahani," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Sasa ni saa nne. Waraka wako unasema saa moja."

Uwanja mzima ukageuka kuitazama saa ya mnara. Ilikuwa saa nne na dakika sita.

Waziri alifungua mdomo. Sikudhani akamgeukia kwa adabu zote, akamwomba awaeleze wananchi ni sehemu gani ya waraka wa Mtukufu yenye makosa. Kama ni neno saa, aseme. Kama ni neno moja, aseme pia, Baraza la Lugha wako mstari wa tatu.

Mheshimiwa Makofia aliufunga mdomo. Alimtazama Mtukufu, na Mtukufu aliitazama saa. Mbele ya watu elfu arobaini na redio ya taifa, hakuna aliyeweza kupiga mswaki saa nne bila kulitemea taifa, na hakuna aliyeweza kusema amri imekosewa bila kumtemea Mtukufu.

"Tunasubiri," akasema Waziri.

Sikudhani akatoa chupa ya maji kapuni. Akamwambia mwanawe asukutue, ateme. Mashavu akatema kwenye zulia jekundu. Afisa wa itifaki akasogea kuuliza kibali cha maji hayo, Sikudhani akamwelekeza kwa Waziri wa Maji, aliyekuwa amelala mstari wa nyuma. Kisha akamshika mtoto mkono. Afisa akamkumbusha kwamba sherehe haijafungwa, na wote wanasubiri.

"Nitasubiri," alisema Sikudhani. "Waraka haujataja pa kusubiria."

Wakashuka ngazi. Hakuna aliyewazuia, maana hakuna aliyekuwa na karatasi inayosema awazuie.

Mawaziri wasingeweza kuondoka kabla ya Mtukufu, na Mtukufu asingeweza kuondoka kabla ya sherehe kufungwa, na sherehe haifungwi bila mswaki. Redio ilitangaza kila kitu, kwa kuwa ratiba ilisema itangaze. Saa sita mtangazaji alisifu uvumilivu. Saa nane alisifu mawingu. Jua lilipokaza, viongozi wakashikwa na kiu, na jukwaani palikuwa na kinywaji kimoja tu. Walikinywa bilauri baada ya bilauri, tangu saa nne hadi jioni, juu ya meno ambayo tayari yalikuwa na miaka mitatu ya mkaa na mchanga. Mshale mfupi ulipofika kwenye saba, ngoma ikalia, na kwa kuwa waliokunywa na kusubiri walikuwa wao, Mtukufu na mawaziri wakainua brashi za chuma kama ile ya bingwa. Mtangazaji alianza kuhesabu mapigo. Alifika la tisa. Kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayekanyaga maganda ya karanga, na redio ikaweka muziki wa dansi bila maelezo.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Sikudhani alichemsha mahindi. Redio ikasoma tangazo kutoka ikulu, na msomaji alikuwa mpya, mwenye meno. Kuanzia leo, alisema, kukenua ni tabia ya kikoloni. Tabasamu halisi la taifa ni la mdomo uliofungwa, la staha, la heshima. Yeyote atakayeonekana meno hadharani ataeleza anamcheka nani. Sharubati imesitishwa kupisha utafiti zaidi wa yai.

Mashavu alikuwa ameshika hindi kwa mikono miwili na amezamisha meno ya mbele kwenye mstari wa punje. Akatulia, punje zikiwa mdomoni.

"Mama, kwa hiyo nifunge mdomo?"

"Ukiwa unatafuna, ndiyo," alisema Sikudhani, akampanguza kidevu. "Ukiwa unacheka, cheka."